Shajara ya mradi: kompyuta ya Debian inayoganda baada ya kupandishwa toleo

Mashine ni kompyuta ya mezani yenye prosesa ya viini 8, RAM ya GB 16 katika vijiti viwili, na diski moja ya NVMe ya GB 500 (huunganishwa kwa PCIe, njia ya kasi kati ya vifaa na prosesa) iliyobeba mfumo mzima. Michoro inatoka ndani ya prosesa, hakuna kadi ya pembeni. Ilikuwa ikitumia Debian 11 (mfumo wa Linux) na kerneli, yaani kiini cha mfumo, 5.10, ikapandishwa hadi Debian 12 na kerneli 6.1. Baada ya hapo kwanza ilikataa kuwaka. Ilipowaka, ikawa inaganda. Humu yameandikwa hata majaribio yaliyotupotosha, maana hayo ndiyo yaliyokula muda mwingi.

Kufuta kila kitu na kuweka mfumo upya kumekataliwa tangu mwanzo. Mfumo mpya ungekuja na kerneli ile ile kwenye diski ile ile, na ushahidi wote ungekuwa umefutika.

Siku ya 1: haiwaki

Skrini inasimama hapa:

`Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`

Ujumbe huu unatisha kuliko ubaya wake. Zile sufuri mbili mwishoni zinasema kerneli haikuona diski yoyote, hazisemi kwamba diski imekufa. Kwenye Debian draiva ya NVMe ni moduli, nayo hupakiwa kutoka kwenye faili la initrd, kifurushi kidogo cha draiva za kuanzia. Faili hilo lisipokuwepo, kerneli inawaka ikiwa kipofu.

Tukawasha tena na kubonyeza Esc mfululizo hadi menyu ya GRUB, programu inayowasha kerneli, itokee (mashine za BIOS ya zamani hutaka kushikilia Shift), kisha `Advanced options`, kisha kerneli ya zamani, 5.10.0-28. Imewaka bila tatizo. Hilo peke yake limeokoa nusu ya siku: diski, RAM na mafaili ya mfumo yote yanaamka.

`df -h /boot` imeonyesha sehemu ya MB 236 iliyojaa asilimia 100. Ndani yake kuna kerneli tatu za 5.10, na ya 6.1 imo bila initrd yake. Ndani ya `/var/log/apt/term.log` kuna mstari wa `No space left on device` uliopita katikati ya mamia ya mistari ya sasisho bila mtu kuuona. GRUB haikulalamika, iliandika kerneli mpya kwenye menyu bila initrd.

Kabla ya kuondoa chochote, `uname -r` (hutaja kerneli inayotumika sasa) ili usijikatie tawi ulilokalia. Kisha:

```
apt-mark manual linux-image-5.10.0-28-amd64
apt purge linux-image-5.10.0-26-amd64 linux-image-5.10.0-27-amd64
dpkg --configure -a
update-initramfs -c -k 6.1.0-18-amd64
update-grub
ls -lh /boot
```

Mstari wa kwanza ni muhimu kuliko unavyoonekana. Bila huo, `apt autoremove` ya baadaye inaweza kuondoa kerneli ya zamani, na kerneli hiyo ndiyo kipimo chetu cha kulinganishia. Usifute mafaili ya `/boot` kwa `rm`: dpkg, msimamizi wa vifurushi, itaendelea kuamini yapo, na sasisho lijalo litakwama pale pale.

Kwa wenye `/boot` ndogo, `MODULES=dep` ndani ya `/etc/initramfs-tools/initramfs.conf` hupunguza sana ukubwa wa initrd. Gharama yake ni kwamba diski ikihamishiwa mashine nyingine huenda isiwake. Hapa tumeacha `most`, thamani ya kawaida.

Mashine imewaka na 6.1. Dakika 11 baadaye imeganda.

Siku ya 2: kuganda, na jaribio lililodanganya

Kila mara hali ni ile ile: mtu anarudi, anakuta skrini nyeusi, na kugusa kipanya hakuiamshi. Kitufe cha umeme ndicho pekee kinachosaidia.

`journalctl --list-boots` inaonyesha kila uwashaji, na `journalctl -b -1 -e` inafungua mwisho wa ule uliopita. Mwisho huo ni mtupu: mstari wa kawaida wa cron (mpangaji wa kazi za ratiba), basi. Hakuna kosa wala onyo. Kwa kawaida journald, huduma inayotunza logi (kumbukumbu za matukio), huzisukuma kwenye diski kila baada ya dakika 5, isipokuwa ujumbe wa dharura, kwa hiyo dakika za mwisho huweza kupotea mashine ikizimwa kwa nguvu. Tumeweka `SyncIntervalSec=5s` ndani ya `/etc/systemd/journald.conf` na kuwasha upya huduma hiyo. Mara iliyofuata logi ilikuwa tupu vilevile. Hilo tuliliona kama kukosa ushahidi, kumbe lenyewe lilikuwa ushahidi.

Saraka ya `/sys/fs/pstore` nayo haina kitu. Kerneli ikianguka kwa panic, mara nyingi huacha barua ya mwisho humo.

Kwa kuwa skrini ni nyeusi, mshukiwa wa kwanza akawa draiva ya michoro. Debian 12 imehamisha programu dhibiti za vifaa kutoka `non-free` kwenda sehemu mpya, `non-free-firmware`. Asiyeongeza sehemu hiyo kwenye `/etc/apt/sources.list` hubaki na programu dhibiti za zamani chini ya kerneli mpya. Hapa ilikuwa haijaongezwa. Tumeiongeza na kusasisha, na `dmesg | grep -i firmware` sasa ni safi. Mashine imeganda tena.

Tukawasha na `nomodeset`, inayozuia draiva ya michoro (bonyeza `e` kwenye GRUB, ongeza neno hilo mwishoni mwa mstari wa `linux`, kisha Ctrl+X). Dakika 50 zikapita bila kuganda, na hitimisho likaandikwa: ni michoro. Dakika ya 70 ikaganda.

Hapo ndipo tuliposimama tukahesabu. Mara sita za mwanzo mashine ilidumu dakika 11, 48, 23, 95, 37 na 26. Wastani ni dakika 40. Tatizo likija kwa nasibu kwa wastani huo, uwezekano wa kupita dakika 50 kwa bahati tu ni karibu asilimia 29, yaani jaribio letu halikuthibitisha lolote. Saa 2, ambazo ni wastani mara tatu, huacha uwezekano wa asilimia 5. Saa 4 huacha robo ya asilimia moja. Kuanzia leo kila jaribio ni saa 4 kamili, na kila mara kinabadilishwa kitu kimoja tu.

Siku ya 3: vifaa

memtest86+ (kipimo cha RAM) kutoka menyu ya GRUB, mizunguko minne kamili: makosa 0. Toleo la 6 linaendeshwa hata kwenye UEFI (mrithi wa BIOS), kwa hiyo hakuna kisingizio cha kuliruka.

Joto la prosesa: nyuzi 41 hadi 44 ikiwa imetulia. Si joto.

`smartctl -a /dev/nvme0`: onyo kuu `0x00`, makosa ya data 0, uchakavu asilimia 6. `Unsafe Shutdowns` ni 31, idadi kubwa kuliko mara tulizoizima kwa nguvu tangu sasisho. Tumeizungushia duara. SMART (ripoti ya diski kuhusu afya yake) safi haimaanishi diski haina lawama. Inaeleza afya ya seli za kumbukumbu, na kuhusu kidhibiti kinachoacha kuitika haina la kusema.

Toleo la kerneli kwa `uname -v`: 6.1.76-1. Tuliliangalia kwa makusudi, kwa sababu 6.1.64-1 ilikuwa na hitilafu ya kuharibu data kwenye ext4, mfumo wa mafaili. Ndiyo iliyofanya Debian 12.3 isitishwe Desemba 2023, na 12.4 ikatoka na 6.1.66-1. Anayekuta 6.1.64-1 kwenye mashine yake asiendelee kupima chochote. Awashe kerneli nyingine kwanza.

Kisha jaribio la mzigo, lililotarajiwa kuiangusha haraka: kujenga kerneli kutoka msimbo wake mfululizo, prosesa yote ikiwa kazini na diski ikisomwa na kuandikwa bila kupumzika. Saa 5 zimepita bila kuganda. Kazi imesimamishwa, mashine ikaachwa. Dakika ya 9 imeganda.

Mashine hii inakufa ikipumzika. Ugavi wa umeme dhaifu, joto au RAM mbovu vingeiangusha ikiwa kazini. Kinachobadilika mashine ikitulia ni kwamba vifaa vinaanza kulala: prosesa, njia za PCIe, michoro, diski. Orodha ya washukiwa imefupika kuwa minne.

Siku ya 4: kuishuhudia inapoganda

Leo lengo ni kuona sekunde zenyewe. Kuzimika kwa skrini kumeondolewa. Terminali imefunguliwa, na kompyuta ya pili imeunganishwa kwa ssh (kuingia kwa mbali) huku ikituma ping. SysRq (amri za kibodi zinazofika moja kwa moja kwa kerneli) imefunguliwa kwa `sysctl kernel.sysrq=1`.

Logi haiwezi kutegemea diski ya mashine, kwa hiyo inapitishwa kwenye mtandao kwa netconsole. Lazima iwe kebo. Draiva nyingi za Wi-Fi haziiruhusu. Kwenye mashine mgonjwa:

```
dmesg -n 8
modprobe netconsole netconsole=6665@192.168.1.20/enp3s0,6666@192.168.1.30/aa:bb:cc:dd:ee:ff
```

Anwani ya kwanza ni ya mgonjwa pamoja na jina la kadi yake ya mtandao, ya pili ni ya mpokeaji pamoja na anwani ya MAC yake. Ukisahau `dmesg -n 8`, ujumbe wa ngazi za chini hautumwi na utadhani hakuna kilichotokea. Kwenye mpokeaji: `nc -u -l -p 6666 | tee logi.txt` (netcat ya OpenBSD haitaki `-p`). Jaribu njia kwanza kwa `echo jaribio > /dev/kmsg` kwa mgonjwa. Neno hilo lisipotokea upande wa pili, rekebisha kabla ya kusubiri.

Dakika ya 34 imetokea. Mshale wa kipanya unatembea. Saa ya skrini inaendelea kwenda. Ping inajibu. Ndani ya terminali, `cd /tmp` inakubali, kwa kuwa hiyo ni amri ya shell yenyewe na haihitaji faili lolote. `ls` inarudisha `Input/output error`. ssh iliyokuwa wazi bado ipo, ssh mpya inakataliwa. Baada ya dakika moja hivi kila dirisha linaloguswa linaganda kwa zamu. Alt+SysRq+B imewasha upya mashine mara moja, yaani kerneli ilikuwa hai muda wote.

Na kwa mpokeaji:

```
nvme nvme0: controller is down; will reset: CSTS=0xffffffff, PCI_STATUS=0xffff
nvme nvme0: Does your device have a faulty power saving mode enabled?
nvme nvme0: Try "nvme_core.default_ps_max_latency_us=0 pcie_aspm=off" and report a bug
nvme nvme0: Removing after probe failure status: -19
```

Namba `0xffffffff` ndiyo habari yenyewe. Kerneli ikisoma rejista ya kifaa cha PCIe kisichoitika kabisa, inarudishiwa biti zote zikiwa moja. Diski haikutoa kosa. Ilitoweka kwenye njia. `-19` ni kifaa hakipo. Ndiyo sababu logi za siku ya 2 zilikuwa tupu: mahali pa kuziandikia ndipo palipopotea.

Siku ya 5: kwa nini sasa?

Diski ni ile ile iliyofanya kazi chini ya 5.10, kwa hiyo kusema tu «diski mbovu» hakutoshi. `nvme id-ctrl /dev/nvme0`, mistari ya mwisho:

```
ps 3 : mp:0.0500W non-operational enlat:1000 exlat:5000
ps 4 : mp:0.0030W non-operational enlat:39000 exlat:41000
```

Hizi ni ngazi za usingizi. `enlat` ni muda wa kulala na `exlat` ni muda wa kuamka, kwa maikrosekunde. Ngazi ya 4 ni usingizi mzito: jumla ya maikrosekunde 80,000. Tangu Linux 4.11 kerneli huipa diski jedwali la APST linaloiambia ikae bila kazi kwa muda gani kabla ya kujilaza yenyewe.

Namna ya kukokotoa jedwali hilo ilibadilika kati ya kerneli zetu mbili, katika 5.14. Zamani muda wa kusubiri ulikuwa mara 50 ya jumla ya kulala na kuamka: kwa diski hii, milisekunde 4,000. Sasa, usipovibadilisha, kuna vipimo viwili tu. Ngazi yenye jumla isiyozidi milisekunde 15 husubiri milisekunde 100, na isiyozidi milisekunde 100 husubiri milisekunde 2,000. Ngazi yetu ya 4 imeshuka kutoka sekunde 4 hadi 2. `nvme get-feature /dev/nvme0 -f 0x0c -H` imelithibitisha: kwenye 5.10 inaonyesha 4000, kwenye 6.1 inaonyesha 2000.

Sekunde mbili zinaonekana ndogo mpaka uzilinganishe na mapigo ya ext4, ambayo kwa kawaida hukamilisha jarida lake kila sekunde 5. Kwenye mashine iliyotulia lakini yenye programu wazi, mianya kati ya uandishi mmoja na mwingine mara nyingi ni mifupi kuliko sekunde 4 na mirefu kuliko 2. Chini ya 5.10 diski ilifika usingizi mzito mara chache. Chini ya 6.1 inaingia na kutoka humo siku nzima, na kila kuamka ni nafasi ya kushindwa kuamka.

Tukarudi kwenye `last -x` ya miezi kabla ya sasisho. Kuna vipindi viwili vilivyoishia na neno `crash`. Pamoja na ile 31 iliyozungushiwa duara, inaonekana ugonjwa ulikuwepo tayari.

Siku ya 6 na ya 7: kuthibitisha

Kerneli inapendekeza vigezo viwili kwa pamoja. Tumeviachanisha, maana ukiweka vyote hutajua kipi kilichotibu, na `pcie_aspm=off` (inazima usingizi wa njia za PCIe) inagusa kila kifaa kwenye mashine. Pia hatukuweka 0, ambayo inazima usingizi wote. 5500 inaruhusu ngazi ya 3 (kuamka kwa 5000) na kuzuia ya 4 (41000). Tofauti ya umeme kati ya ngazi hizo ni wati 0.047.

Jaribio A, 6.1 na `nvme_core.default_ps_max_latency_us=5500`: saa 4 zimepita, ikaachwa hadi asubuhi, jumla ya saa 14. Safi.

Jaribio B, 6.1 bila kigezo: imeganda dakika ya 31, na netconsole imeleta mistari ile ile.

Jaribio C, 6.1 na `nvme_core.apst_secondary_timeout_ms=4000`, yaani kerneli mpya yenye subira ya zamani: imepita saa 4, ikaganda baada ya saa 6 na dakika 50. Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote. Kurudisha subira ya zamani kumepunguza tatizo bila kuliponya, sawasawa na vile vipindi viwili vya `crash`. Kasoro iko kwenye diski, na kerneli mpya imeifikia mara nyingi zaidi.

Kigezo cha A kimewekwa kwa kudumu ndani ya `/etc/default/grub`:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT="quiet nvme_core.default_ps_max_latency_us=5500"
```

kisha `update-grub`, na baada ya kuwasha upya:

```
cat /sys/module/nvme_core/parameters/default_ps_max_latency_us
```

Lazima irudishe 5500. Ikirudisha 100000, kuna herufi imekosewa. Kerneli hupuuza kigezo isichokijua na mashine huwaka kana kwamba hakuna kitu.

Siku ya 8: kusafisha

Kuzima kwa nguvu mara nyingi hivyo kuna madhara yake. Tumewasha mara moja na `fsck.mode=force` kwenye mstari wa GRUB: mafaili matatu yatima yameondolewa, mengine sawa. `debsums -s`, inayokagua mafaili ya vifurushi, imetaja faili moja la maktaba lililoharibika. `dpkg -S` ikataja kifurushi chake, na `apt install --reinstall` ikalirudisha. Asiyefanya hatua hii huweza kukutana na programu inayokufa wiki mbili baadaye na kuanza uchunguzi mwingine wa bure.

`fwupdmgr get-updates` haina programu dhibiti mpya kwa diski hii.

`journald.conf` imerudishwa ilivyokuwa, na SysRq nayo.

Siku ya 11

Saa 72 bila kuganda, mashine ikiwa imetulia muda mwingi. `Unsafe Shutdowns` haijaongezeka. Kerneli 5.10.0-28 inaachwa mahali pake hadi 6.1 inayofuata iwekwe na kupimwa kwa saa 4. Kabla ya kuiweka, `df -h /boot` kwanza, kwa sasa kuna MB 88 wazi.